Gazeti la wiki kwa pande mbili za Ruvuma: muanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Tuko wanne hapa Masasi. Wawili tuna stashahada ya uandishi wa habari, wa tatu anatangaza redio, wa nne ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika. Tunataka kuanzisha gazeti la Kiswahili la kila wiki, liuzwe Mtwara, Lindi na Ruvuma, livuke mto Ruvuma mpaka Pemba ya Msumbiji, na ikiwezekana lifike Malawi na Comoro. Tunasoma kwamba The EastAfrican lilianza Nairobi likihudumia nchi tatu na leo lina jina kubwa. Wao walianzaje? Na sisi tuchape nakala ngapi toleo la kwanza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali la nakala nitalijibu mwishoni, maana linaamuliwa na mambo mengine yote. Tuanze na hao wa Nairobi. Naona mmeisoma hadithi yao kwa upande wa mbele, penye jina na picha ya ukurasa wa kwanza. Siri yao ilikuwa nyuma, kwenye ghala na magari.

The EastAfrican lilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 7 Novemba 1994, mhariri mwanzilishi akiwa Joe Odindo. Mwenye gazeti alikuwa Nation Media Group, kampuni iliyoanzishwa na Aga Khan. Kampuni hiyo nayo haikuanza na Kiingereza. Mwaka 1959 ilinunua gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Taifa, na ndipo 1960 likafuata Sunday Nation, kisha Daily Nation mwezi Oktoba mwaka huohuo. Maana yake ni kwamba siku The EastAfrican linazaliwa, nyumba iliyolizaa ilikuwa na miaka zaidi ya 30 ya kuchapa na kuuza gazeti kila siku ya Mungu. Mitambo ilikuwa inazunguka. Madereva wa alfajiri walikuwa wanajua njia. Mawakala walikuwa na daftari la madeni, na idara ya matangazo ilikuwa inajua ni nani kwenye benki gani anasaini hundi. Gazeti jipya lilipakiwa kwenye gari ambalo lingeondoka hata bila lenyewe.

Nyie hamna gari hilo. Hapo ndipo mpango wenu unapotofautiana na wao, na kila nitakachosema kuanzia hapa kinatoka kwenye tofauti hiyo.

Jambo la pili walilokuwa nalo ni wakati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukakaa umefungwa hadi 1983. Miaka kumi baadaye, tarehe 30 Novemba 1993, Mwinyi, Moi na Museveni walikutana Arusha wakasaini makubaliano ya kuunda Tume ya Kudumu ya Ushirikiano. Haukupita mwaka, gazeti likawa mitaani. Angalia lililofuata: sekretarieti ya tume hiyo ilianza kazi Machi 1996, Mkataba wa Jumuiya mpya ulisainiwa 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Gazeti liliitangulia Jumuiya yenyewe kwa zaidi ya miaka mitano. Wenye kampuni hawakungoja bendera ipandishwe. Waliona biashara imeanza kuvuka, wakaifuata.

Na habari za kuvuka mipaka hazikuwa haba. Rwanda ilikuwa imetoka kwenye mauaji ya kimbari miezi michache tu nyuma. Siku moja baada ya toleo la kwanza, tarehe 8 Novemba, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwashtaki wahusika, ambayo makao yake yalikuja kuwa Arusha. Uganda ilikuwa inaandika katiba, Tanzania inajiandaa kwa uchaguzi wa kwanza tangu kurudi kwa vyama vingi. Hata jirani yetu Msumbiji alikuwa amemaliza kupiga kura siku chache tu kabla, 27 hadi 29 Oktoba, uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi. Mhariri wa Nairobi wiki ile hakuwa na tatizo la kujaza kurasa.

La tatu ni msomaji, na hapa naomba mnisome taratibu. The EastAfrican halikulenga kila mtu wa Afrika Mashariki. Lilimlenga meneja wa benki, msafirishaji wa kahawa, mwanadiplomasia, mkurugenzi wa shirika, mwanasheria. Watu hao ni wachache Kampala, wachache Dar es Salaam na si wengi sana hata Nairobi. Hakuna mji mmoja ambao wangetosha kulibeba gazeti, lakini ukiwakusanya wa miji yote wanatosha, na anayetaka kuwatangazia hana mahali pengine pa kuwapata wote kwa mkupuo mmoja. Hesabu ya gazeti la kanda ndiyo hiyo. Unatafuta kundi la watu waliotawanyika, wenye shida moja, ambalo halina gazeti lake.

Sasa nawauliza: kundi lenu ni lipi? Barua yako inataja nchi nne na mikoa mitatu, haitaji msomaji hata mmoja.

Kabla sijaendelea, msije mkadhani kwamba mnaleta jambo geni huku kusini. Mwaka 1888 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kuchapa Zanzibar gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, likibeba habari za vituo vyao vya bara na pwani. Masasi yenu ilikuwa mojawapo ya vituo vya mwanzo vya misheni hiyo, tangu 1876. Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu Dar es Salaam. Mwaka 1939 likaja Baraza, gazeti la wiki la Kiswahili lililochapwa Nairobi, na wasomaji wake walivuka mipaka ya Kenya. Na mtoto wa Lupaso, Benjamin Mkapa, alihariri The Nationalist na baadaye Daily News kabla hajawa mwanasiasa, kisha akiwa Rais ndiye aliyeisainia Tanzania ule Mkataba wa 1999. Mtu wa wilaya yenu alipitia kwenye chumba cha habari akafika kwenye meza ya Jumuiya. Hilo mnaweza kuwaambia wazee wenu wakiwauliza mnapoteza muda na nini.

Lakini kusini hii ilikaa kando ya ramani ya hao wa Nairobi kwa sababu ya barabara. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ilikuwa kivuko, na masika yakikolea, basi la Lindi lilikuwa linalala njiani. Kipande cha Ndundu hadi Somanga ndicho kilichotusumbua mpaka mwisho. Hata baada ya lami, Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara upande wa Kilwa, magari yakapanga foleni huku na huku. Gazeti likichapwa Dar es Salaam na kupakiwa basi, siku kama hizo linafika likiwa la kufungia maandazi. Muweke jambo hilo kwenye hesabu tangu leo: mtambo wenu ukiwa ng'ambo ya Rufiji, mvua ina hisa kwenye kampuni yenu.

Turudi kwa msomaji. Mimi ningekuwa nyie, ningemfuata mtu wa korosho na ufuta.

Nakueleza kwa nini. Wewe umekulia huko, umeshauona mnada. Kwa miaka mingi ilikuwa hivi: wanunuzi wanatumbukiza zabuni zao kwenye sanduku, linafunguliwa mbele ya wakulima, kiongozi wa chama kikuu anasoma jina la kampuni, tani inazotaka na bei kwa kilo. Watu wanaguna au wanashangilia. Bei ya juu na ya chini zikishatajwa, wakulima wanaulizwa: tunauza au hatuuzi? Siku hizi zabuni zinapita kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX, kwenye skrini, lakini swali la mwisho ni lilelile. Na mkulima wa Newala anapojibu swali hilo, anachotaka kukijua hakipo hapo uwanjani. Je, wenzake wa Nachingwea chini ya chama kikuu cha RUNALI walipata ngapi juzi? Masasi chini ya MAMCU je? Lindi Mwambao? Meli imeshafika bandari ya Mtwara au wanunuzi wanajivuta kwa sababu maghala yamejaa? Ng'ambo ya mto, Msumbiji, ambako nako korosho ni zao kubwa, wanunuzi wanatoa ngapi? Maana bei ikipishana sana, mzigo unavuka mto usiku, kila mtu anajua na hakuna anayeandika.

Redio inamtajia bei ya jana. Simu inamletea uvumi. Hakuna anayemkalisha chini akamwekea jedwali moja la minada yote ya wiki, chama kwa chama, na pembeni maelezo ya kwa nini Tandahimba walikataa na Ruangwa wakakubali. Ukurasa huo peke yake ni sababu ya mtu kununua gazeti. Tena mnada una mzunguko wake wa wiki kwa wiki msimu ukiwa moto. Korosho zikiisha kuna ufuta katikati ya mwaka, na mbaazi. Mzunguko wa habari mmeshapewa bure.

Mwenye shida hiyo hayuko peke yake. Kuna wakala wa viuatilifu na salfa, mwenye lori, mpakuzi bandarini, benki inayolipa wakulima, mwenye duka ambaye mauzo yake yote ya mwaka yanategemea malipo ya wakulima yatoke lini. Kuna mwalimu mwenye ekari tatu. Hao wote wametapakaa kuanzia Liwale mpaka Kitangari, na hawana gazeti. Mhasibu wenu wa chama cha msingi, kwa mtazamo wangu, ana thamani kuliko nyie waandishi watatu mkijumlishwa. Anajua kusoma hati ya malipo ikaonekana makato yaliyoingizwa kinyemela. Mpeni safu yake.

Comoro na Malawi ziacheni. Comoro vyombo vinakwenda, ndiyo, na ndugu zetu kule wana lugha iliyo karibu na yetu, lakini shule na ofisi zao zinasoma Kifaransa. Malawi ni Kiingereza na Chichewa. Mwaka 2004 marais wa Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia walisaini makubaliano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, na tangu hapo kila mwenye mradi huku huandika nchi hizo nne kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko lake. Kwenye karatasi inapendeza. Gazeti haliuzwi kwenye karatasi ya mradi. Linauzwa pale mtu anaposhuka kwenye basi akiwa na sarafu mkononi.

Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo ya Ruvuma yetu, ni habari nyingine, na inanipa kazi ya kuandika kwa urefu.

Kwa upande wa watu, mna haki ya kuitaka. Wamakonde wako pande zote mbili, Wamakua na Wayao vilevile, na Palma na Mocímboa da Praia Kiswahili kinasikika sokoni sambamba na Kimwani. Kwa upande wa njia, Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo tangu 2010, na Kilambo kuna kivuko. Lakini aliyekwenda shule upande ule alifundishwa kusoma Kireno. Anaweza kupiga soga na wewe kwa Kiswahili mchana kutwa, kisha ukimpa ukurasa anakurudishia. Kwa hiyo msipange mauzo makubwa ng'ambo. Pangeni habari za kutoka ng'ambo ziuzwe huku, na ukurasa mmoja wa Kireno, wenye bei na taarifa za mpaka, kwa ajili ya wafanyabiashara wanaovuka. Mkipata mtu wa kuuandika Kireno safi, wa kuzaliwa nacho, si cha kubahatisha.

Halafu kuna usalama. Vita vya kule vilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 vilitufikia wenyewe, Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, na mwezi uliofuata TotalEnergies wakasimamisha mradi wao wa gesi wa Afungi. Waandishi wamelipa gharama. Mwandishi Amade Abubacar alikamatwa Macomia Januari 2019 akiwa anazungumza na waliokimbia makazi yao. Mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, Ibraimo Mbaruco, alitoweka Aprili 2020. Nawatajia hawa ili mjue kwamba neno "mwakilishi wetu wa Palma" likiandikwa chini ya habari linamhusu mtu mwenye mke na watoto. Kama hamna uwezo wa kumlipa, kumpa kitambulisho kinachotambulika kule, na kumtafutia wakili siku akikamatwa, msimtume. Tumieni taarifa za wanaovuka, zithibitishwe na zaidi ya mmoja, na majina yao yabaki kwenye daftari la mhariri. Sheria ya Msumbiji ya vyombo vya habari, Na. 18 ya 1991, nayo ina utaratibu wake wa usajili. Mkitaka kuuza kule kwa wingi, mtapitia huo.

Na hapo tunafika kwenye jambo ambalo hata wakubwa liliwakwaza. Januari 2015 serikali yetu ilizuia The EastAfrican kusambazwa Tanzania, hoja ikiwa kwamba halijasajiliwa nchini. Gazeti lilikuwa na miaka 20, lina waandishi Dar es Salaam, linasomwa Ikulu kama linavyosomwa kwenye mabenki. Msomaji aliyekuwa analipia kwa mwaka alibaki anaulizana na wakala. Kila mpaka unaovuka una ofisi yenye muhuri, na ofisi hiyo haijali una jina kubwa kiasi gani upande wa pili.

Kwa upande wetu sheria ni ya Huduma za Habari, Na. 12 ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya magazeti ya 1976. Gazeti linahitaji leseni kutoka Idara ya Habari, MAELEZO, na leseni ni ya mwaka mmoja, inahuishwa. Waandishi wanatakiwa wawe na ithibati, na nyie wawili wenye stashahada mko salama kwa hilo. Mtangazaji wenu aangalie cheti chake mapema. Mkitaka kuweka habari mtandaoni kuna leseni nyingine, ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Msidanganywe kwamba gazeti dogo la wilayani halionekani. Gazeti la wiki la Mseto lilifungiwa miaka mitatu mwaka 2016. Mahakama ya Afrika Mashariki ilikuja kuamua mwaka 2018 kwamba amri ile ilikiuka Mkataba wa Jumuiya, lakini leseni yake ilirudi 2022. Haki ilipatikana, wauza gazeti walikuwa wameshatafuta kazi nyingine. Ndiyo maana nasema lipieni leseni kabla hamjalipia kompyuta, na kila habari ya tuhuma ipite kwa mtu anayeijua sheria, hata kama ni wakili kijana anayelipwa kwa gunia la korosho.

Mtaniuliza: mzee, umetukataza kila kitu, sasa tuanzeje bila gari la Nation?

Kuna mfano uliotokea kwa jirani, nao unawafaa kuliko wa Nairobi. Mwaka 1992 Maputo, waandishi waliojiunga kwenye ushirika wa Mediacoop, Carlos Cardoso akiwa mstari wa mbele, walianza kutoa Mediafax. Hawakuwa na mtambo. Habari zilipigwa chapa kwenye kurasa chache, zikatumwa kwa faksi kwa waliolipia: ofisi za ubalozi, makampuni, mashirika. Aliyepokea alichapa mwenyewe kwa karatasi yake. Gharama ya uchapaji ikahamia kwa msomaji. Mwaka 1994 ndipo ushirika huohuo ukatoa gazeti la wiki la kuchapwa, Savana. Fuata mpangilio huo: kwanza wateja wanaolipa kwa taarifa, kisha karatasi.

Faksi yenu ni WhatsApp. Chukueni msimu mmoja wa ufuta, mtoe kila wiki kurasa nne, jedwali la minada, meli zilizoko bandarini, hali ya barabara na vivuko, habari moja ndefu mliyoichunguza wenyewe. Iwe faili moja inayofunguka kwenye simu ya bei ndogo. Wauzieni vyama vya msingi, wanunuzi, wenye maghala, mawakala wa pembejeo, kwa malipo ya msimu mzima, yalipwe mbele. Msiitoe bure. Itasambazwa bure na watakaoinunua, hilo halizuiliki wala lisiwanyime usingizi, maana ndilo tangazo lenu. Lakini mwenye kuhitaji taarifa Jumatatu asubuhi kabla ya mnada wa Jumatano atalipa, kwa sababu ya kuchelewa kuipata atapoteza zaidi ya hiyo bei.

Mkimaliza msimu mtakuwa na kitu ambacho Nation walikuwa nacho 1994 na nyie leo hamna, yaani orodha ya watu wanaolipa, wilaya kwa wilaya, na mnajua nani analipa kwa wakati.

Sasa karatasi. Nimefanya kazi ya usambazaji muda mrefu kuliko uhariri, kwa hiyo nivumilieni nikipiga hesabu. Tuchukue mfano wa kufikirika, namba zenu halisi mtaziweka wenyewe. Mnachapa nakala 1,000, kila moja inawagharimu shilingi 500. Hiyo ni 500,000. Mnauza kwa 1,000, wakala anabakiwa na 250, kwenu inarudi 750. Zikinunuliwa zote mnapata 750,000, mnashangilia. Lakini gazeti jipya halinunuliwi lote. Zikitoka 600, zilizobaki zinarudi, mnapata 450,000. Mmeshapoteza 50,000 kabla ya nauli ya basi, vocha, na mshahara wa mtu hata mmoja. Mkichapa 650 mkauza hizohizo 600, gharama ni 325,000 na mnabakiwa na 125,000. Wasomaji ni walewale, kilichobadilika ni marejesho. Gazeti dogo linauawa na marejesho, na huwa linakufa likionekana limenona, mafurushi yamejaa ofisini.

Kwa hiyo wakala apewe chache kuliko anazoomba, na daftari lijazwe kila wiki: alipewa ngapi, zimerudi ngapi, ametoa fedha ngapi. Marejesho yahesabiwe kwa macho, si kwa simu. Asiyelipa wiki mbili hapati ya tatu, hata akiwa mjomba. Kwa kuchapa, ulizeni kwanza hapa kusini, mjini Mtwara na kwa Wabenediktini wa Ndanda ambao wana historia ndefu ya uchapaji, kabla hamjakimbilia Dar es Salaam. Rangi ya ukurasa wa mbele isiwatie tamaa. Karatasi ya A3 iliyokunjwa, rangi nyeusi tupu, inayofika Newala siku ya mnada ni bora kuliko gazeti linalong'aa likiwa limelala Somanga.

Matangazo ndiyo yatakayowalipa mishahara, na huko kuna mtego mpya na wa zamani. Mpya ni kwamba zabuni za serikali, zilizokuwa ugali wa magazeti, sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Msiandike kwenye mpango wenu kwamba halmashauri zitawajazia kurasa. Mtego wa zamani ni kumtegemea mtangazaji mmoja. The Monitor la Uganda, lililoanzishwa 1992 na waandishi waliotoka kwenye gazeti jingine la wiki, lilinyimwa matangazo ya serikali mwaka 1993, na hali hiyo ikaendelea kwa miaka kadhaa. Lilisimama kwa sababu lilijipanga kwa wasomaji na watangazaji binafsi. Kwenu hatari hiyo inaweza kutoka kwa chama kikuu cha ushirika au mnunuzi mkubwa. Siku mtakapoandika makato yasiyoeleweka, tangazo lake litaondoka. Wekeni kikomo mapema kwamba asiwepo mmoja anayebeba zaidi ya robo ya mapato yenu, na mhasibu asome namba hiyo kila mwezi mbele ya wote wanne.

Ninyi wanne mwandikiane. Nani ana hisa ngapi, nani ni mhariri mwenye neno la mwisho, akiondoka mmoja analipwaje. Mhasibu ajiuzulu kwenye chama cha msingi kabla ya toleo la kwanza, au asiguse habari za chama hicho. Hakuna njia ya katikati, kule Masasi kila mtu anamjua.

Nakala ngapi, basi? Hesabu waliolipia msimu wa ufuta kwa simu. Waulizeni nani anataka ya karatasi, alipie mwezi mbele. Mkipata 200, chapeni 300, hizo mia za ziada mzigawe Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Mtwara mjini, stendi na kwenye maghala. Mtambaswala pelekeni kumi na ukurasa wenu wa Kireno. Ongezeni pale tu marejesho ya eneo yakishuka chini ya moja katika kumi kwa wiki nne mfululizo. Na toleo la kwanza litoke wiki ya mnada wa kwanza wa korosho, Oktoba, leseni ikiwa imeshabandikwa ukutani. Barua ya MAELEZO ianze kuandikwa sasa.